Shaba Huota: Maneno kwa Mafundi wa Mapambo

Wazee wangu masonara, shikamooni. Dada zangu wa shanga na nyaya, kaka zangu mnaochonga pembe na mifupa, na ninyi vijana mliotoka vyuoni juzi na bado mnautafuta mkono wenu, habari za mchana.

Hapa Arusha ukitamka neno fuwele, watu wanageuka kutazama upande wa Mererani. Wana haki. Tanzanaiti ilitambuliwa mwaka 1967, na mpaka leo dunia nzima inaitegemea milima ile. Mimi mwenyewe nilianza kazi hii kwa kuzungushia nyaya vipande vya mawe ambavyo madalali waliona havifai. Lakini fuwele nilizokuja nazo leo hazikuchimbwa na mtu. Zimeota. Zimeota ndani ya chupa za jemu, kwenye rafu ya stoo nyumbani kwangu Moshi, na ni shaba tupu, hamna jiwe hata punje.

Kabla sijafungua kitu chochote, tukubaliane kwanza juu ya jambo ambalo mafundi wengi hatukufundishwa. Metali ni fuwele. Fedha, dhahabu, bati, chuma cha fuawe yako, vyote. Kwa kuwa tunazipokea zikiwa zimepigwa, zimevutwa na kung'arishwa, tunadhani ndani ziko kama ugali, sare kila mahali. Anayetaka ushahidi akatazame bati la kuezekea lenye zinki. Yale maua yanayometameta kwenye bati jipya, ambayo tukiwa watoto tulidhani yamechorwa kiwandani, hayakuchorwa na mtu. Bati la chuma linapotolewa kwenye zinki iliyoyeyuka, zinki inaanza kuganda kwenye vituo vingi kwa mara moja. Kila kituo kinatanuka mpaka kigongane na jirani yake. Ua moja ni fuwele moja. Ule mstari kati ya ua na ua ndio mpaka walipokutana. Tumelala chini ya fuwele za metali maisha yetu yote.

Mimi shaba inayoota niliiona nikiwa na miaka kama tisa, bila kujua ninaona nini. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, na kwenye stoo yake kulikuwa na mrututu. Wazee hapa mnaujua: yale mawe ya buluu kali ambayo bibi zetu waliyasaga wakapaka kwenye vidonda vilivyokataa kupona, na ambayo wakulima waliyatumia kutengeneza dawa ya shaba ya kunyunyizia mibuni dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Baba alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: dawa hii haichanganywi kwenye ndoo ya bati. Pipa la plastiki tu. Siku moja nikaokota msumari nikautumbukiza kwenye pipa nione kuna nini. Nilipoutoa ulikuwa mwekundu. Nikadhani umeshika kutu, nikausugua kwa kidole, na ule wekundu ukang'aa. Kutu haing'ai. Nilinyamaza kwa kuogopa fimbo, lakini msumari ule niliuficha, na nilikaa nao miaka mingi.

Kilichotokea kwenye lile pipa ndicho kinachotokea kwenye chupa zangu sasa. Mrututu ni shaba iliyojificha ndani ya chumvi ya buluu. Ukiuweka kwenye maji, shaba inatawanyika, haionekani. Chuma kikiingia, wanabadilishana nafasi: chembe moja ya chuma inayeyuka na kuingia majini, chembe moja ya shaba inatoka majini na kukaa pale. Hakuna moto wala umeme wa ukutani. Baba alikuwa anailinda ndoo yake isiliwe na dawa yake isiharibike. Kanuni aliyokuwa akiifuata ni hiyohiyo.

Basi nilipokuwa mtu mzima, tayari nina meza yangu na koleo zangu, nikasema sasa naotesha shaba. Nikachemsha maji, nikakoroga mrututu mpaka yakawa buluu kama wino, nikatupa misumari kumi. Ndani ya dakika chache nilikuwa na tope. Tope jekundu, laini, linalobomoka ukiligusa, zuri kwa macho na bure kwa kazi. Nilirudia mara nne, nikidhani mrututu ni mbovu. Nikajaribu na dawa nyingine kutoka duka la pembejeo, unga wa kijani hafifu, nao haukuyeyuka hata kidogo. Hilo nawaambieni mapema msipoteze hela: zipo dawa za shaba za aina nyingi, na ule unga wa kijani si mrututu. Mnataka zile chenga za buluu, zinazopita mwanga, zinazoyeyuka zote majini.

Mrututu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mwendo. Shaba ikija kwa wingi na kwa haraka, kila chembe inajishikiza pale inapoangukia, juu ya mwenzake, popote, na mnapata tope. Ikija kidogo kidogo, chembe inapata muda wa kutafuta mahali pake. Na mahali pake panajulikana. Mmeona mama wa sokoni anavyopanga machungwa kwa safu, kila chungwa la juu likikaa kwenye shimo kati ya manne ya chini? Chembe za shaba zinajipanga hivyohivyo hasa. Mpe mama yule nafasi na utulivu, atakupangia piramidi yenye pembe kali. Mwagie machungwa yote kwa mara moja kutoka kwenye kiroba, utapata lundo. Kwa hiyo kazi yetu sisi katika ufundi huu haiko kwenye kutengeneza fuwele, maana hatuwezi kuitengeneza. Kazi yetu ni kuichelewesha shaba njiani.

Kinachoichelewesha ni chumvi ya jikoni. Nawaeleza taratibu, wenye kalamu waandike.

Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chini weka vijiko viwili vikubwa vya mrututu, kama gramu 30. Usikoroge na kitu. Robo ya uzito wa mrututu ndiyo shaba, kwa hiyo hapo una kama gramu saba na nusu, zinatosha herini kadhaa. Juu yake mwaga chumvi kavu ya unga mpaka ifike kina cha vidole viwili au vitatu, uigongegonge chupa ikae vizuri. Pembeni yeyusha chumvi nyingine kwenye maji ya mvua mpaka maji yakatae kupokea zaidi, ni kama gramu 360 kwa lita. Maji hayo yamimine polepole sana, kwa kupitia kijiko, yaishukie chumvi bila kuichimba. Ni lazima yawe yameshiba, kwa sababu maji ambayo hayajashiba yataila ile tabaka ya chumvi na ukuta wako utabomoka. Juu ya chumvi laza karatasi ya kuchujia kahawa iliyokatwa kwa duara, au kitambaa cha pamba. Juu ya karatasi weka kipande cha chuma kilichosuguliwa kwa msasa mpaka king'ae. Chuma cheusi cha kawaida, kisiwe na zinki, maana zinki ina pupa kuliko chuma na itakurudisha kwenye tope. Ongeza maji ya chumvi mpaka chuma kizame. Funika bila kukaza. Weka mahali pasipo na jua wala mtikisiko, na uandike tarehe.

Halafu ondoka. Hili ndilo gumu kuliko yote niliyotaja.

Siku ya kwanza mtaona buluu inaanza kupanda ndani ya chumvi, na inavyopanda inageuka kijani. Kila siku inasogea kidogo. Inapofika kwenye karatasi, kama siku ya tatu au ya nne, mkiinamisha kichwa mkatazama kwa ubavuni mtaona vidoa vyekundu vyembamba kama ncha ya sindano, vinashuka kutoka kwenye karatasi kuingia ndani ya chumvi. Shaba ikishagusana na chuma inakuwa sehemu ya njia, kwa hiyo fuwele inaendelea kujengeka kwenye ncha yake, ikiifuata shaba inakotoka. Inatafuta chakula kama mzizi. Wiki mbili ni kipindi kizuri kwa vipande vidogo. Mwezi ni bora. Ninayo chupa moja ya miezi mitatu ambayo siifungui kwa sababu sijajua nitaiheshimu kwa kazi gani.

Naomba mtu wa mbele apokee hiki, kiko kwenye kisahani, mpitishe taratibu, msikiguse kwa vidole. Kina urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kitazameni kwa ile lenzi. Kuna uti mmoja katikati, na kila upande vimetoka vijitawi, na kila kijitawi kimetoa vijitawi vyake, kama jani la kangaga la kule mlimani. Sasa tazameni pembe: kila kijitawi kimeinama kwa pembe ileile, kuanzia shina mpaka ncha. Yale ni machungwa ya mama wa sokoni yanajionyesha kwa nje. Kwenye ncha mtaona visahani vidogo vya pembe tatu, bapa kabisa, vinarudisha mwanga kama kioo. Hakuna tupa iliyopita pale. Mimi nimepiga msasa miaka kumi na mbili na sijawahi kupata uso bapa namna ile. Rangi yake nayo si ile ya waya wa dukani. Ni ya waridi, kwa sababu ni shaba ambayo haijakutana bado na mikono yetu.

Haitabaki hivyo bila msaada. Ukishaitoa kwenye chumvi, isuuze kwa maji mengi mpaka chumvi yote iishe, kisha maji ya ndimu dakika moja, kisha maji ya mvua tena, kisha uikaushe kwa upepo wa joto mara moja, usiiache ijikaukie yenyewe. Chumvi ikibaki kwenye vipindo vyake, baada ya mwezi utaona ukijani unatambaa. Ikishakauka, ipulizie vanishi isiyo na rangi, tabaka mbili nyembamba.

Sasa tatizo la fundi: kitu hiki ni chepesi kuvunjika. Ukikitia kwenye herini kama kilivyo, mteja akivaa shati mara mbili utaletewa vipande. Na usijaribu kukichomelea. Shaba yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 1085, lakini muda mrefu kabla ya kufika huko, moto wa kuyeyusha lehemu utakuwa umekigeuza cheusi na vijitawi vimejikunja. Mimi namaliza kazi yote ya moto kwanza, kikombe kidogo cha fedha, kulabu na mkufu, vyote vimelehemiwa, vimesafishwa na kung'arishwa. Fuwele inaingia mwisho kabisa, baridi, imeshikwa kwa vidole vya waya au kwa tone la gundi mgongoni. Wapo wanaoizamisha kwenye rezini. Ni imara, siwezi kukataa, lakini zile nyuso bapa zinapoteza makali yake, na makali ndiyo niliyongoja mwezi mzima. Afadhali kifuniko cha kioo chenye nafasi ya hewa ndani.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuinenepesha fuwele kwa umeme baada ya chupa kumaliza kazi yake. Chupa inatoa umbo, umeme unatoa mifupa. Mnahitaji betri moja ya tochi ya volti 1.5 na resista ya omu 68, ambayo fundi redio yeyote anayo kwenye droo. Kwenye chombo cha plastiki changanya lita moja ya maji ya mvua na gramu 200 za mrututu, kisha uongeze asidi ya betri kidogo, isizidi kikombe kimoja cha kahawa. Vaeni miwani na glavu, na asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Upande wa chanya funga kipande cha shaba safi, upande wa hasi ninginiza fuwele yako. Shaba inaondoka kule inahamia huku, na maji yanabaki na buluu yake.

Wa kwanza kuipimia hesabu kazi hii alikuwa Michael Faraday, London, miaka ya 1830. Vijana, huyu alikuwa mtoto wa mhunzi, na yeye mwenyewe alianza kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, kwa hiyo msidhani mambo haya ni ya watu wa makoti meupe. Kwa hesabu yake, ampea moja ikipita kwa saa moja inaleta gramu 1.19 za shaba. Kwa betri na resista niliyotaja mnapata kama sehemu 20 za elfu za ampea, ambazo kwa siku nzima zinaleta gramu 0.57 hivi. Ni kidogo? Ndiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Mkiunganisha chaja ya simu moja kwa moja, ile volti 5 itawaletea masizi mekundu usiku mmoja, na jani la kangaga limegeuka ufagio.

Kuhusu hiyo shaba ya upande wa chanya: waya wa umeme uliomenywa unafaa sana. Nunueni mabaki kwa fundi umeme mnayemfahamu. Waya unaoletwa usiku na mtu asiyetaja alikoutoa, muacheni aende nao, maana kuna kijiji au zahanati imelala gizani kwa sababu yake, na mimi siwezi kumvisha mtu shaba hiyo.

Wateja wananiuliza kwa nini shaba, kwa nini si fedha. Fedha inaota vizuri mno. Waya wa shaba ukiuzamisha kwenye maji ya nitrati ya fedha, ndani ya saa moja unajaa manyoya meupe, na wataalamu wa kale wa Ulaya waliuita mti wa Diana. Lakini dawa ile ni ghali, inaacha madoa meusi kwenye ngozi, na manyoya yake yanaanguka ukiyapulizia. Mimi nimebaki na shaba kwa sababu nyingine pia. Upande wetu huu wa Afrika, shaba ni kitu cha kwetu. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale huko Katanga, walifukua mifupa ya watu waliozikwa na misalaba midogo ya shaba. Haikuwa misalaba ya Kikristo. Umbo lile lilikuwapo kabla mmisionari hajafika, na ndiyo ilikuwa fedha ya kununulia. Msiri, ambaye chimbuko lake ni upande huu wa Unyamwezi, aliifuata shaba hiyohiyo mpaka akawa mtawala kule katika karne ya 19, na Wayeke wake wakawa mabingwa wa kuvuta nyaya nyembamba na kuzisokota kuwa bangili. Ninapovuta waya wangu mezani najua nafanya kazi ya nani.

Naomba niguse pia bismuthi, ambayo nayo ni metali, kwa sababu najua vijana mmeziona zile fuwele zenye ngazi ngazi na rangi za upinde wa mvua, na mmeniuliza zaidi ya mara moja. Hii nayo inafanyika nyumbani, ila ni kazi ya moto, ni nje ya nyumba, na watoto hawapo. Bismuthi inayeyuka kwenye nyuzi 271, jiko la mkaa linatosha kabisa. Tumia sufuria ya chuma isiyoshika kutu, na kuanzia siku hiyo sufuria hiyo haipiki tena chakula, milele. Ikishayeyuka, ondoa utando wa juu kwa kijiko kikavu, kisha iache ipoe polepole, imezungushiwa matofali ya moto. Uso ukianza kukaza, na ndani bado ni maji, toboa na umwage kilichobaki kwenye chombo kingine kikavu. Kilichoganda kwenye kuta ndizo fuwele. Narudia neno kavu. Tone moja la maji chini ya metali iliyoyeyuka linageuka mvuke kwa kishindo na kurusha metali usoni kwa mtu.

Ngazi zile zinatokana na kingo kukua haraka kuliko nyuso. Ukingo unatangulia, katikati panabaki nyuma, ukingo mwingine unaanza juu yake, mpaka unapata kama kasha ndani ya kasha. Na rangi hazikupakwa. Fuwele ikitoka bado ya moto inashika utando mwembamba wa oksidi hewani, na mwanga ukipita kwenye utando huo unagawanyika kama unavyogawanyika kwenye dizeli iliyomwagika juu ya dimbwi baada ya mvua. Utando ukiwa mwembamba unapata dhahabu, ukinenepa unapata waridi, buluu na kijani. Ndiyo maana haifai kuisugua.

Ni nzuri, nakiri, na mara ya kwanza nilipoimwaga nikaona ngazi zile zinabadilika rangi mbele ya macho yangu nilimwita jirani. Uganda ina madini yenye bismuthi. Mojawapo, wayilandaiti, lilipatikana kilima cha Wampewo na kupewa jina la Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya nchi ile. Lakini bismuthi safi ya kufanyia kazi hii tunaiagiza kutoka mbali, na isipokuwa safi ngazi hazitoki. Pia ni nzito kuliko shaba, na inavunjika kama sukari guru. Kipande changu kizuri kuliko vyote kilianguka kutoka mezani hadi kwenye sakafu ya saruji, futi tatu tu, na nikaokota vumbi lenye rangi saba. Kwa kidani kinachokaa kifuani, sawa. Kwa pete, hapana.

Na risasi, jamani, hapana. Risasi nayo inaota mti mzuri majini, na inayeyuka kirahisi, na betri chakavu za magari zimejaa kila gereji. Msiiguse. Risasi inaingia mwilini mwa mtoto na kuharibu ubongo wake, na haitoki kwa maziwa wala kwa dua. Pambo la risasi halina thamani ya mtoto hata mmoja. Mtu akikuletea metali laini, nzito, ya kijivu, akasema ni bismuthi, na inakunjika badala ya kuvunjika, mrudishie.

Hata mrututu wenyewe ni sumu ukiliwa, na rangi yake inamwita mtoto kama pipi. Kwangu unakaa kwenye kopo lenye kifuniko cha kufungua kwa nguvu, rafu ya juu, umeandikwa SUMU kwa herufi kubwa na umechorewa fuvu kwa ajili ya asiyejua kusoma.

Baada ya kazi, maji yanabaki. Hapa naomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote. Mrututu ulikuwa ukimwagwa kwenye madimbwi kuua konokono wa kichocho. Kinachoua konokono kinaua samaki, na shaba haiozi. Wataalamu wa udongo wamekuta shaba imejilimbikiza kwenye mashamba ya zamani ya kahawa ya Kilimanjaro, ya miaka ile ya kunyunyizia. Baba yangu hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaokoa mibuni yake, lakini ile shaba bado iko pale, na baba hayupo. Kwa hiyo maji yangu hayaendi mtaroni. Nayatia kwenye ndoo ya plastiki na misumari chakavu, nayaacha mpaka buluu yote iishe na shaba ikae chini kama tope. Lile tope la siku zangu za kwanza, hapa ndipo lina kazi. Nalikausha na kulihifadhi. Maji yaliyobaki, kama yana asidi, nayatia magadi mpaka yaache kutoa povu, kisha nayaanika kwenye beseni pana mpaka yabaki magamba, na magamba yanakaa kwenye kopo lake.

La mwisho ni la sokoni. Mwambieni mteja ukweli. Hili si jiwe, halikuchimbwa, limeota kwenye chupa kwa siku kadhaa, na ni shaba. Nimeona mtu akiuza bismuthi kwa mgeni kama jiwe adimu la Afrika, na mgeni akaondoka anafurahi, na akifika kwao atajua, na hatanunua tena kwa yeyote kati yetu. Mimi kwenye kila kikaratasi naandika idadi ya siku. Siku 16. Siku 31. Watu wanakisoma wananyamaza, halafu wanauliza, na hapo mazungumzo ya bei yanakuwa mengine. Mwambieni pia kwamba shaba inaweza kuacha ukijani kwenye ngozi yenye jasho, sabuni inautoa, si ugonjwa. Na ile kulabu inayopita sikioni muitengeneze kwa fedha.

Sasa sogeeni mezani. Hii chupa ya kushoto ina siku 19, sijaifungua na sijui ndani kuna nini. Mzee wangu, wewe uliyemfundisha mwalimu wangu, naomba uinue chuma wewe, tafadhali, kwa koleo hizi za plastiki. Glavu hizi hapa. Dada, sogeza beseni karibu, na maji ya mvua yako kwenye dumu jeupe. Mimina polepole, chumvi itaondoka yenyewe. Na mkimaliza kusuuza msimwage kitu. Maji yote yarudi kwenye ndoo ile yenye kifuniko, narudi nayo Moshi jioni.